Mashine ya Kulainisha Maji ya Kisima

Muharami alipomwona Hyasinta, mwenye nyumba ya wageni pale Bunda, akimaliza mche mzima wa sabuni kwenye shuka mbili bila kupata povu, kwa ugumu wa maji ya kisima, moyo wake ulijaa huruma. Huruma ya Muharami ilikuwa na tabia ya kutazama mali za mtu. Hii ilitazama baiskeli, Phoenix mpya, iliyoegemezwa ukutani.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane. Maduka yalishaanza kujaa vitu vya nje, na watu waliosugua meno kwa mkaa miaka yote ile walikuwa tayari kuamini chochote kilichotoka Ujerumani.

Akarudi kwake Makoko, Musoma. Mkewe, Mwanaupe, alikuwa Butiama akimuuguza dada yake mpaka Ijumaa. Mwanaupe alikuwa akikodisha sufuria za harusi, na kwa sufuria hizo Muharami alikula, akavaa, akaitwa bwana. Alichukua iliyo kubwa kuliko zote, akaitoboa na kutia koki, akijiapiza kwamba fundi ataiziba kabla ya Ijumaa. Ndani akapanga changarawe, mkaa na, katikati, magadi ya kutosha, ambayo ndiyo yaliyokuwa mashine yenyewe.

Jumatano alikuwa Bunda. Maji ya kisima yaliingia juu, yakatoka kwenye koki, na sabuni ikatoa povu hadi viwikoni.

“Ya Ujerumani hii, dada. Hii ni sampuli tu. Nipe baiskeli leo, wiki ijayo nakuletea yako.”

“Itakuwa vizuri,” alisema Hyasinta. “Lakini mgeni haondokagi hapa na njaa. Ngoja nibandike maharage kwa maji yako.”

Saa moja haikupita, maharage yakawa uji. Hyasinta alionja, akaonja tena.

“Maharage ya maji ya hapa yanaivaga jioni.”

“Mashine inalainisha kila kitu,” alisema Muharami, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani angekuwa amenyamaza.

Hyasinta alimwita mpishi wake. Wakaiinua sufuria ya mashine, Hyasinta akainama kuchungulia kitakoni. Kila mwanamke anayeazimisha vyombo kwenye shughuli huandika jina lake chini kwa rangi, visije vikapotea. Akasoma taratibu: “Mwanaupe. Makoko.”

“Huyo Mjerumani namjua. Ndiye aliyenikodisha sufuria kwenye harusi ya mdogo wangu. Basi la jioni linaenda Musoma, nitampa dereva ampelekee, pamoja na salamu zako.”

Muharami aliikamata sufuria kwa mikono miwili. Aliiona Ijumaa, akajiona na godoro lake barazani.

“Dada yangu, nakuomba. Nitafanya chochote.”

“Vyumba vyangu ni tisa. Shuka zote ziwe nyeupe, ndipo uchukue sufuria.”

Hyasinta akamwaga changarawe na mkaa uani, magadi akayapeleka jikoni. Muharami alikunja suruali, akachota maji ya kisima, akasugua mpaka vidole vikamuuma. Povu hakuna.

“Dada,” aliita kwa unyonge, “nisaidie japo magadi kidogo.”

“Ya nini?” alijibu Hyasinta kutoka jikoni. “Mashine si hiyo hapo?”