Jinsi Miwani Mbili Alivyoifungua Milango Mitatu ya Msimbo

Jongeeni, enyi wenye masikio yasiyochoka, nyinyi mliokwisha kusikia habari za ngome zilizovunjwa na mito iliyovukwa chini ya mvua ya mishale. Wekeni vikombe vyenu kando, zimeni simu zenu, au angalau zilazeni kifudifudi, maana leo nasimulia tendo ambalo mbele yake ngome hizo ni vibanda na mito hiyo ni mitaro ya barabarani. Nasimulia habari za mwanamke aliyeketi kwenye kiti chenye gurudumu bovu, akaweka vitufe vitatu juu ya kisanduku kimoja katika makala ya mtandaoni, na dunia, ingawa haikushtuka, haikuwa tena ile ya asubuhi.

Jina lake la vita lilikuwa Miwani Mbili, kwa sababu moja aliivaa machoni na nyingine aliisahau kichwani, na zote mbili alizitafuta kwa bidii kila siku ya kazi. Alikuwa mhariri wa tovuti iliyowafundisha watu kutengeneza programu za kompyuta. Ngome yake ilikuwa chumba cha ghorofani chenye feni iliyogeukia upande mmoja tu, birika lililovuja, na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani kana kwamba wameapishwa kutopepesa macho.

Na humo ofisini, enyi wasikilizaji, zilikaa himaya tatu. Kwa maana jambo lile lile mtu atakalo kompyuta ilifanye huweza kuandikwa kwa lugha nyingi, na maandishi hayo huitwa msimbo. Na kila makala ya tovuti ile ilibeba mifano ya msimbo kwa lugha tatu, na kila lugha ilikuwa na mtetezi wake. Java ilitetewa na mtu wa makamo aitwaye Mabano, bingwa wa mabano yenye viuno, yale yaliyopinda katikati, ambaye hakuacha sentensi yoyote bila kuifunga kwa nukta-mkato, hata alipoagiza chai. Python ilitetewa na binti mtulivu aitwaye Nafasi Nne, aliyepima pengo mwanzoni mwa kila mstari kama fundi cherehani apimavyo pindo. Na PHP ilitetewa na Mzee wa Dola, ambaye hakuitwa hivyo kwa utajiri, maana viatu vyake vilisema vinginevyo, bali kwa kuwa katika lugha yake majina mengi huanza na alama ya dola.

Hawa watatu walikunywa kutoka birika moja, lakini hawakuwa na amani. Kwa maana mifano yao ilipangwa katika makala, mmoja chini ya mwingine, na aliyewekwa chini alijiona amezikwa. Msomaji mwenye simu aliteremsha kidole gumba, akateremsha tena, akapita Java, akapita Python, na alipoifikia PHP alikuwa amekwisha kusahau alikuja kutafuta nini.

Sasa nyumbani kwa Miwani Mbili aliishi shangazi yake, dada wa baba, mwanamke aliyepiga chapa barua za wakubwa tangu enzi za utepe wa wino hadi siku wakubwa walipojifunza kuzipiga wenyewe. Alipostaafishwa hakushika tama. Aliazima kompyuta, akaiweka mwisho wa meza ya chakula, akasema, "Kama kuna maandishi yanayolipa siku hizi, basi na mimi nayataka." Akajifunza. Na Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, aliposikia, akamkabidhi faili la tovuti ya shule pamoja na kazi: atengeneze humo ukurasa ambao wazazi wataandika namba zao za simu, nao ukurasa uzikatae namba zilizokosewa, ili ujumbe wa shule usiende kwa muuza mkaa.

Shangazi akaifungua makala ya mpwa wake mwenyewe, ile ya "Jinsi ya Kukagua Namba ya Simu." Akainakili ndani ya lile faili. Akaipeleka shuleni. Na mbele ya Mwalimu Mkuu na kamati ya wazazi, ukurasa ukatapika mistari myekundu ya makosa kutoka juu hadi chini.

Jioni ile Miwani Mbili alimkuta akiikunja waya ya kompyuta.

"Shangazi, unahama?"

"Narudisha mashine ya watu," Shangazi akasema bila kuinua uso. "Mwalimu Mkuu amenipa mpaka kesho mchana. Kwa heshima tu, najua. Alikuwa ananihurumia, na mimi sipendi kuhurumiwa."

"Hebu nione ulichoandika."

"Nimeandika kilichoandikwa. Sikuruka hata nukta."

Miwani Mbili akasoma. Shangazi alikuwa amenakili yote: Java juu, Python katikati, PHP chini, lugha tatu katika faili moja, kila herufi mahali pake, kazi safi kupita kiasi.

"Lakini Shangazi, hii ni mifano mitatu ya kitu kimoja. Ulitakiwa uchague."

"Nani aliniambia nichague?" Shangazi akauliza, tena bila ukali. "Mimi ni mpiga chapa, mwanangu. Mpiga chapa hachagui. Ukiniletea barua ya kurasa tatu, sikuulizi unapenda ukurasa upi."

Akaenda kulala akiwa hajala. Na Miwani Mbili akabaki mbele ya ile waya iliyokunjwa vizuri, akijua moyoni kwamba aliyekosea si mwanafunzi, ni makala; na makala ile ilipangwa na mikono yake.

Kulipopambazuka akapiga moyo konde. Akaingia ofisini kabla feni haijawashwa, akaitisha baraza la vita, akaeleza yaliyompata Shangazi, akasema mpangilio huu lazima uanguke kabla ya saa sita mchana.

Mkurugenzi, ambaye alikuwa amepita kuchukua chaja, akasikia, akatoa hukumu papo hapo. "Mbona rahisi? Bakizeni lugha moja. Futeni mbili. Kabla ya chakula cha mchana nataka kujua ipi."

Hapo ndipo chumba kilipowaka. Mabano akasimama, akafunga kifungo cha shati, akanena: "Bosi, na nyinyi wenzangu, na historia inayotusikia, mimi sikuomba utukufu, lakini benki zinasimama juu ya lugha yangu, na ukiiondoa, nani atajibu kwa vizazi vijavyo, nauliza tu."

Nafasi Nne hakusimama. Alinyoosha vidole vinne mezani, akavisogeza kidogo kulia. "Lugha yangu inasomeka kama maneno ya kawaida. Anayetaka kuifuta aifute, lakini awaandikie barua wanafunzi wote awaambie ni kwa nini ameamua wateseke. Barua hiyo mimi sitaisahihisha."

Mzee wa Dola akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi chenye utangulizi, kiini na hitimisho. "Wanangu," akasema, "mimi nimeambiwa lugha yangu imekufa tangu hamjaota meno. Kila mwaka naalikwa kwenye mazishi yake. Kila mwaka marehemu ndiye anayepika chakula cha wageni. Futeni tu. Mtaniita."

Miwani Mbili akawatazama wote, kwanza kwa miwani ya macho, kisha kwa ile ya kichwani, akasema, "Hakuna atakayefutwa. Nitajenga chumba kimoja chenye milango mitatu. Msomaji ataingia kwa mlango wake, ataona lugha yake, na nyingine zitanyamaza."

"Vichupo," akasema Nafasi Nne, kwa maana ndilo jina la vitufe hivyo vya kubadilisha ukurasa.

"Vichupo."

Mkurugenzi akatazama saa. "Mpaka saa sita. Ikishindikana, nafuta mbili kwa kura." Akaondoka, akiwa amesahau chaja.

Ee mikono ya binadamu, ee vidole kumi visivyo na ngao, nipeni pumzi nisimulie vita ile. Miwani Mbili akaketi, kiti kikalia, akaandika. Alipofungua ukurasa mara ya kwanza, milango yote mitatu ilifunguka kwa pamoja na lugha zote zikamwagika nje kama watoto wa shule kengele ikilia. Akarekebisha, ikafungwa yote, na kikabaki kisanduku kitupu, cheupe, kimya. Akarekebisha tena, milango ikatii, lakini aliponakili msimbo, namba za mistari zikanakiliwa pamoja nao kama mashemeji wasioalikwa. Akazifukuza. Zilipoondoka zikaondoka na nafasi za mwanzo wa mistari, na Nafasi Nne, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akatoa sauti ndogo ya mtu aliyekanyagwa.

"Samahani," akasema Miwani Mbili.

"Usiniombe mimi samahani. Sogea kidogo." Naye akavuta kiti, akazirudisha zile nafasi moja moja, kwa upole, kama mtu anayefunika watoto shuka.

Kisha, mshale wa saa ukiwa umekaribia juu, ukurasa ukaasi tena: milango yote ikafunguka kama mwanzo, na hakuna aliyejua sababu. Miwani Mbili akasoma faili la mapambo ya ukurasa kutoka juu hadi chini, akasoma tena, herufi zikaanza kuogelea. Akamfikiria Shangazi akiipeleka mashine ya watu. Akaweka kichwa mezani.

Mabano alikuwa amenuna kwenye kona yake tangu hotuba. Lakini nani awezaye kuvumilia kilio cha kiti kile? Akaja, akainama, akasoma. Kidole chake kikapita mstari mmoja, na wa pili, na kwenye wa tatu kikasimama, na uso wake ukajaa huzuni ya mtu aliyekuta jamaa yake amelala nje bila shuka.

"Hapa," akasema taratibu. "Umesahau nukta-mkato."

Akaiweka mwenyewe. Milango ikafungwa, ikabaki mmoja wazi, kama ilivyoagizwa.

Ulizuka mgogoro mfupi juu ya mlango upi uwe wa kwanza. Ili kukata mzizi wa fitina, wakafuata mpangilio wa alfabeti: Java, PHP, Python. Mabano alijipigapiga kifua kidogo. Nafasi Nne akaitazama herufi Y kama ndugu aliyemsaliti mahakamani. Na mlangoni Miwani Mbili akaandika swali moja, ili asiwepo tena mtu wa kunakili vyote: "Unatumia lugha gani?"

Akampigia Shangazi simu, akafungua spika wote wasikie. "Shangazi, bado una mashine?"

"Niko nayo mlangoni. Nimeshavaa viatu."

"Vua viatu. Fungua ile makala."

Wakasikia waya ikikunjuliwa. Wakasikia kiti.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "inaniuliza natumia lugha gani. Nimetafuta Kiswahili, sikioni."

Hakuna aliyecheka. Mabano akatazama dari. Kwa maana walikuwa wameijenga milango mitatu mizuri kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia anaishi chumba kipi, na saa sita ilikuwa inagonga hodi.

Miwani Mbili akaisogelea simu. "Shangazi, ule ukurasa uliopewa na shule. Faili lake linaitwaje? Nisomee mpaka mwisho, hata herufi usizozijua maana."

"Wazazi, nukta, P, H, P."

Mzee wa Dola akavua kofia.

"Basi mlango wako ni ule wa katikati. Bonyeza."

"Nimebonyeza. Zile nyingine zimeondoka." Sauti ya Shangazi ikapungua uzito. "Kumbe ni kadogo hivi?"

"Ni kadogo hivyo. Nakili, weka pale pale, lakini ufute kwanza yale ya jana."

Wakasikia vidole vyake, na ofisi nzima ikajua kupiga chapa ni nini: mfululizo usio na kusitasita, kama mvua juu ya bati. Kisha vikanyamaza.

"Nimeweka namba yangu mwenyewe," akasema. Halafu akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mkubwa: "Namba ni sahihi." Akapumua. "Ngoja nipunguze tarakimu moja. Namba si sahihi. Imekataa. Mwanangu, imekataa vizuri kabisa."

"Nenda shuleni, Shangazi."

"Naenda. Kwanza nile."

Kabla ya kunyanyuka, Miwani Mbili akaandika chini ya vile vichupo mstari mmoja mdogo: "Kama hujui, angalia herufi za mwisho za jina la faili lako." Mstari huo haukumpendeza yeyote kati ya wale mabingwa watatu, maana kila mmoja aliamini watu wote wanajua, lakini kila mmoja aliukubali.

Mkurugenzi alirudi kuchukua chaja, akabonyeza milango yote mitatu, akafurahi. Alasiri akatuma tangazo kwa wafanyakazi akieleza jinsi alivyoongoza mageuzi. Mzee wa Dola alilisoma, akasema jina lake halimo, na kwamba amezoea, hata hivyo siku hiyo alipika chai ya watu wote na kuimimina kwa mkono wake.

Na kule shuleni wazazi walipanga mstari mbele ya meza, na mama mmoja akauliza nani ametengeneza kitu hiki, na Shangazi, akiwa amenyoosha mgongo, akajibu, "Mimi."

Andikeni basi, enyi mnaoandika mambo ya dunia. Andikeni kwamba siku ile hakuna milki iliyoanguka wala mfalme aliyekimbia kwa farasi. Ila kulikuwa na milango mitatu, na mpiga chapa mmoja alibonyeza mmoja, na aliyeingia kupitia huo hakuwa tena mgeni.