Godoro la Gavana

Redio ya Hindu, dada muuza kahawa, iliitoa habari yenyewe saa nne asubuhi ya Jumamosi, imebanwa katikati ya tangazo la dawa ya kunguni na matokeo ya mpira: Benki Kuu imepata gavana mpya. Pale kijiweni kwa Hindu, hatua chache kutoka geti la kambi ya polisi Naguru, habari hiyo ilipita kama inzi. Hakuna aliyeacha kutafuna.

"Jamani, mmesikia?" Hindu aliuliza, birika la kahawa ya tangawizi mkononi.

"Nimesikia, dada," akajibu Wangila, dereva wa bodaboda, ambaye kijiwe kizima humwita Spidi. "Golikipa kaumia kidole."

"Gavana, wewe! Gavana mpya wa Benki Kuu!"

"Yeye kaumia wapi?"

"Hajaumia. Ameteuliwa."

"Basi huyo hana shida. Mimi nalia na golikipa."

Kwenye benchi, Okidi aliinua kikombe. Huyu ni konstebo kijana anayelinda geti la Benki Kuu yenyewe, na kwa sababu ya kazi hiyo jina lake hapa ni Saluti. "Kwani kiti ilikuwa wazi?" akauliza.

"Muda mrefu! Kilikuwa kinakaimiwa." Aliyejibu ni Tajudin, muuza viatu vya mitumba wa soko la Nakawa. Anaitwa Waziri kwa kuwa hajapata kuulizwa swali akakosa jibu. Ukweli wa jibu ni kesi nyingine.

"Sasa hela ilikuwa natoka wapi?"

"Kwako zilitoka?"

"Hapana."

"Basi ndiyo hivyo." Waziri akageukia meza. "Hebu tufanye utafiti. Dada Hindu, kabla ya habari andazi lako lilikuwa na ukubwa gani?"

"Huo huo unaouona."

"Na sasa gavana yupo. Limekua?"

Hindu akalikagua andazi kwa jicho moja. "Liko vile vile."

"Mmeona? Andazi halina habari naye. Sisi ni nani tulizidi andazi?"

Wakacheka, wakagongesha vikombe. Asiyecheka alikuwa mmoja, na ndiye mwenye kisa.

Ogwang, sajini mstaafu wa polisi ambaye bado hajahama kambini, hukaa pembe ya benchi kwa haki ya umri, na siku nyingine angekwisha kuwafokea wote kwa kutoipenda nchi. Leo alikuwa na lake. Mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka Lira, anakuja kutibiwa jicho, na nyumbani kwa Sajini kulikuwa na godoro moja tu, lile analolalia yeye na mkewe Aciro. Sasa mila za kwao hazibembelezi mtu: mama mkwe halali juu ya godoro la mkwewe, hata kama limegeuzwa, hata kama limeanikwa juani wiki nzima. Ukimlaza hapo unaitiwa kikao cha ukoo, na mbuzi wa faini unamnunua wewe.

Aciro alikuwa amempa hela za godoro jipya tangu Jumatano. Jumatano hiyo hiyo Sajini alizipitisha kwenye duka la kubashiri mechi, ziongezeke kidogo, apate na kitanda. Timu yake ikafungwa dakika ya tisini na nne, na aliyefunga aliingia uwanjani dakika ya tisini na tatu. Aciro hajui. Anachojua ni kwamba godoro linaletwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo hii.

Hapo ndipo redio ilipopaza sauti. Alikuwa Abdul-Latif, mtangazaji anayejiita Mjomba, ambaye hajui kuongea bila kupiga kelele.

"Wasikilizaji wangu! Nina godoro hapa! Jipya, inchi nane, bado liko ndani ya nailoni! Nampa mtu wa kwanza atakayenipigia simu anitajie jina la gavana mpya wa Benki Kuu! Swali la bure kabisa, jina tumelisoma sasa hivi!"

Sajini alisimama ghafla, kahawa ikamwagikia gotini, wala hakuisikia inavyochoma. "Anaitwa nani?"

"Nani?" wakauliza wote.

"Huyo gavana! Limesomwa sasa hivi! Mlikuwa mnasikiliza nini?"

"Mpira," akasema Spidi. "Wewe je, afande?"

Sajini akampuuza, akamgeukia Hindu. "Wewe ndiye uliyetutangazia!"

"Nilisikia kwamba yupo, sikusikia kwamba ni nani. Mwenye birika la moto mkononi atashika na majina ya watu?"

Waziri akapiga paja. "Banange, jamani, tunahangaika nini? Saluti si anafanya kazi kwake!"

Macho yote yakamwendea Okidi. Kijana akavimba kifua, akafuta makombo ya andazi kwenye masharubu machanga. "Mimi iko pale kila siku. Mimi nafungua geti, mimi nafunga geti. Mimi najua yeye kabisa."

"Anaitwa nani?" Sajini alikwisha kutoa simu mfukoni.

"Gari nyeusi. Namba yake naweza kusema hata kwa usingizi."

"Mtu, Saluti! Mtu aliye ndani ya gari!"

"Kioo ni nyeusi, afande. Amri ilisema saluti gari. Haikusema chungulia."

"Na miezi ile kiti kikiwa wazi," Waziri akauliza polepole, "ulikuwa unasaluti nini?"

Saluti akafikiri. "Gari ilikuwa naenda kuoshwa. Inatoka, nasaluti. Inarudi safi, nasaluti tena."

"Ulikuwa unamsaluti mwosha magari!"

"Na yeye alikuwa anashusha kioo, anapunga mkono. Mtu ya adabu sana."

Redioni Mjomba alikuwa ameanza kutokwa jasho. Simu ya kwanza ilikuwa ya Rehemah wa Nakawa, aliyemsalimia shangazi, akamsalimia mume wa shangazi, akaomba wimbo. Alipoulizwa jina la gavana alisema, "La nani?" Simu ya pili ilikuwa ya kijana aliyetaja jina kwa kujiamini kabisa.

"Huyo ni kocha!" Mjomba akapiga kelele.

"Samahani, nilisikia mpya."

"Naongeza mto!" akalia Mjomba. "Godoro na mto! Uganda, mko wapi?"

Uganda ilikuwa inakunywa chai.

"Noti!" Waziri akainuka. "Gavana husaini noti. Dada Hindu, tupe noti."

Hindu akalifungua pindo la leso yake, akatoa moja. Vichwa vinne vikaiinamia.

"Mimi naona nyoka kameza fimbo," akasema Spidi.

"Hapana, hapa pana B kubwa," akabisha Waziri.

"Hiyo si B, ni mchuzi," Hindu akasema. "Nimeipata kwa muuza samaki."

"Na hata tungeisoma," Waziri akanyoosha mgongo, "huyo ni wa zamani. Mpya bado hajasaini. Itabidi tumsubiri."

"Nimsubiri vipi na mama mkwe anaingia saa saba!"

Ilimtoka Sajini bila kupenda. Vichwa vyote vikamgeukia. Sajini akajikuta hana budi, akamwaga yote: Lira, jicho, hela za Jumatano, dakika ya tisini na nne. Alipomaliza, Hindu aliweka birika chini.

"Yaani mama wa watu umemchezea mpira?"

"Tulikuwa tunaongoza mbili bila."

"Sajini, Mungu anakuona. Na Aciro naye atakuona."

Kuanzia hapo, nawaambieni, hakuna raia waliopata kumtafuta gavana kwa uchungu namna ile. Spidi alirukia pikipiki, akazunguka mtaa mzima, akarudi baada ya dakika kumi akihema kana kwamba alikuwa anakimbia kwa miguu.

"Mwenyekiti wa mtaa anasema majina ya wakubwa yako kwa polisi. Polisi wanasema tuulize benki. Nikaenda kwa wakala wa benki pale kona, akaniuliza nataka kuweka au kutoa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nataka gavana. Akasema mtandao uko chini."

"Naongeza dumu la mafuta ya kupikia!" redio ikalia. "Naongeza jogoo! Msikieni mwenyewe!" Na kweli jogoo akawika hewani, nchi nzima ikamsikia.

Sajini hakuweza kuvumilia tena. "Napiga. Nitabahatisha."

"Jina lako usitaje," Hindu akamwonya. "Aciro anaisikiliza redio hii hii."

Simu ikaingia mara moja, maana hakukuwa na foleni. "Halo! Halo! Nani mwenzangu?"

Sajini akaikaza sauti, ikatoka na mikwaruzo. "Swaibu. Swaibu wa Nateete."

"Swaibu wangu, uniokoe! Gavana mpya wa Benki Kuu ni nani?"

"Ni mtu mzito sana."

"Jina!"

"Jina lake linajulikana."

"Na nani?"

"Na... wanaohusika."

"Swaibu, unajua au hujui?"

"Ninajua kwamba tulimhitaji kwa muda mrefu," akasema Sajini, na sauti yake ilitetemeka kikweli, maana kama kuna mtu aliyemhitaji gavana nchi hii ni yeye. Mjomba akakata simu.

Sajini akaketi. Waziri akamshika bega, akamsogezea andazi. Kisha redio ikaanza tena.

"Nina mpigaji mwingine! Nani mwenzangu?"

"Mimi Ayot. Iko ndani ya basi, tumefika Bombo." Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, na Kiswahili chake kilikuwa cha mke wa askari wa zamani, kinakwenda kwa gwaride.

Sajini akashika kichwa. "Mama mkwe," akanong'ona.

"Mama Ayot, gavana mpya ni nani?"

Mama akalitaja. Akataja jina la kwanza, la pili na la ukoo. Akaongeza na aliyetangulia, na aliyekuwa kabla ya huyo, bila kuulizwa. Studio nzima ikapiga vigelegele, jogoo naye akawika.

"Mama, nimeomba jina hili kutwa! Wewe umelijuaje?"

"Mwanangu, mimi nauza ufuta. Mtu akishika hela yangu, mimi lazima najua jina yake. Nyinyi hela yenu mnampa mtu hamjui?"

Mjomba akakohoa. "Godoro tukuletee wapi, mama?"

"Peleka Naguru, kambi ya polisi, kwa mkwe wangu. Huko ndiyo naenda kulala."

"Anaitwa nani mkwe wako?"

Mama akaguna. "Hiyo sitaji. Kwetu mama mkwe hataji jina ya mkwe, hata rais akiuliza."

"Lakini mama, kambi ni kubwa! Tutampataje?"

"Uliza mwanaume hana godoro."

"Watakuwa wengi, mama."

"Huyu umeongea na yeye sasa hivi. Anaitwa Swaibu wa Nateete." Mama hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi sauti yake najua. Binti yangu alimpa hela ya godoro Jumatano. Mwanaume iko na godoro, anapiga simu redioni kutafuta godoro?"

Hata kumcheka kwa sauti kulishindikana mwanzoni. Spidi alilala kifudifudi juu ya tangi la pikipiki, mabega yanaruka. Hindu alijifunika leso uso mzima. Saluti, aliyefunzwa kumheshimu mkubwa wa kazi, alisimama wima akitazama mbinguni huku machozi yanamtoka.

Waziri ndiye aliyezinduka kwanza. "Lakini kasema ni nani vile? Gavana?"

Wakatazamana. Yalikuwa yametajwa majina matatu, polepole, dakika mbili zilizopita.

"Lilianza na... hapana," akasema Spidi. "Huyo ni golikipa."

Studio za Mjomba hazikuwa mbali, huko ng'ambo ya Nakawa, na haikupita nusu saa gari lao likapanda kilima, spika mbili mbele, godoro juu limefungwa kamba, jogoo dirishani. "Tunamtafuta mwanaume asiye na godoro!" spika zilipiga kelele. "Mwanaume asiye na godoro, popote ulipo, jitokeze!" Wanawake waliacha kufua. Watoto wa kambi waliligeuza tangazo hilo wimbo papo hapo, wakaufuata msafara wakiimba.

Gari likasimama pale kwa Hindu. Dereva akachungulia, akamchagua mwenye sura ya heshima kuliko wote.

"Mzee wangu, unamjua mwanaume asiye na godoro?"

Miaka thelathini Sajini Ogwang aliitumikia polisi bila kutetereka. Leo watoto arobaini walikuwa wamemkodolea macho. Aibu ikamzidi, mkono wake ukainuka wenyewe, ukaonyesha barabara iteremkayo mjini.

"Huyo? Amehama. Siku hizi anakaa Nateete."

"Ahsante, mzee." Gari likageuza, likateremka, spika zikaendelea kumtangaza huko mbele.

Sajini akashusha pumzi, akaketi, akachukua kikombe chake. Wenzake hawakuketi. Walikuwa wanamtazama vile mtu anavyomtazama aliyemwaga uji wa mgonjwa.

"Sajini," Hindu akasema kwa upole mkubwa, "godoro liko juu ya lile gari."

Kikombe kikaanguka. Sajini akatoka mbio, tumbo mbele, kiatu kimoja kikabaki kwenye mtaro, watoto wote nyuma yake, na ile sauti ya mikwaruzo iliyozoea kutoa amri ya gwaride ikapaa juu ya kambi nzima:

"Simama! Simameni! Ni mimi! Mwanaume asiye na godoro ni mimi!"

Gari lilisimama. Milango yote ya kambi ikafunguka, na katika mlango wa kwanza alikuwa Aciro.