Prosesa Yangu na Uongo wa Kwaya ya Vijana

Kwa Mzee Nahumu,
Mwenyekiti wa Wazee wa Kanisa,
Usharika wetu, Makambako.

Mzee wangu, kamwene. Naandika kwa unyenyekevu, na kwa furaha inayofanya hata ugali unishinde: kompyuta niliyoiunga kwa mikono yangu sasa inaendesha macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, na programu ya kuchanganya sauti inakwenda kama maji. Badala ya kunipongeza, mmenisimamisha kwaya wiki moja kabla ya kuzindua albamu yetu kule Njombe, eti nimefundisha mashine kusema uongo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Prosesa niliyonunua, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi cha kumi na nne. macOS haiijui, kwake vizazi viliishia cha kumi. Siku tisa niliiwasha kwa ukweli mtupu, na siku tisa ilimwaga herufi nyeupe ikazima. Nikabadilisha mstari mmoja tu wa maagizo ya kuiwasha, prosesa ikajitambulisha kuwa ya kizazi cha kumi, ikapokelewa hapo hapo. Nililia, Mzee, wala sioni haya kusema.

2. Nilitoa ushuhuda huo kanisani nikitegemea amina. Mzee Hosea wa baraza lenu akaandika kwenye daftari lake neno “udanganyifu”. Jamani, nani hajui kwamba hapa kwetu mgeni asiye na cheti cha uhamisho kutoka usharika wake wa zamani hapokelewi? Yeye mwenyewe alipotoka Kifanya alipokelewa kwa cheti cha kaka yake. Hosea, kwa taarifa yenu, ni jina la huyo kaka.

3. Kwaya ya Vijana. Hapa naomba mkae chini kwanza. Katibu wetu, Mama Esnath, anaimba sauti ya pili na mjukuu wake anaimba ya kwanza, wote vijana. Wewe mwenyewe, Mzee, unapiga besi humo tangu mimi niko Shule ya Jumapili. Prosesa yangu ni changa, imejiita mzee kwa heshima. Ninyi ni wazee, mmejiita vijana. Nani atengwe?

4. Nyimbo zetu zote kumi zimo ndani ya mashine hiyo, na mgeni rasmi ameshaalikwa. Kwa hiyo nadai nirudishwe kabla ya Jumapili, Hosea arudishe jina la watu, na prosesa iandikishwe Kwaya ya Wazee, ambako nafasi zipo tele kwa kuwa wote mmehamia kwa vijana.

Nisalimie Mama Esnath na kijana mwenzake yule mjukuu, Hosea kwa jina lolote analolipenda, na sauti ya tatu nzima isipokuwa yule anayechelewa.

Ni mimi niliyeonewa,
Rabson Mligo,
Mwalimu wa Kwaya (amesimamishwa).

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, mashine iliniuliza kama nataka macOS mpya zaidi. Nikakubali, maana nani anakataa kipya? Ikajizima, ikawaka, ikauliza tena prosesa ni ya kizazi gani, na safari hii imekataa jibu la cha kumi. Nyimbo zote kumi zimebaki humo, na nakala sikuweka. Mzee wangu, nimetafakari upya: uamuzi wa baraza ulikuwa wa haki kabisa. Nimetubu. Naomba kwa machozi nibaki nimesimamishwa mpaka uzinduzi upite, kwa sababu mtu aliyesimamishwa haulizwi nyimbo ziko wapi.