Jenereta ya Upepo na Vifaranga vya Tulinagwe

Jumatatu, 6 Julai
Ukungu kutwa. Nguo hazikauki. Mke wangu Tulinagwe kanunua vifaranga, kaviweka kwenye boksi jikoni, kando ya jiko la mkaa vipate joto. Jirani yetu Lwitiko, fundi redio, ana sola. Taa yake inawaka mpaka chooni. Chooni! Nimetangaza kwamba nitatengeneza jenereta ya upepo. Lupepo yetu nzima itakuja kuchaji simu kwangu. Tulinagwe kanikumbusha tu kwamba mkaa unakaribia kwisha.

Jumatano, 8 Julai
Nina sumaku za spika mbovu, waya wa shaba kutoka mota iliyoungua, na diski za breki. Nimesuka koili mpaka vidole vimevimba. Sumaku nimezibandika kwenye diski kwa gundi kali, zote zimeelekea upande mmoja kama kwaya. Safi kabisa! Lwitiko kachungulia uani, kasema lazima zipishane, kaskazini kwa kusini, la sivyo umeme utakuwa wa kubabaisha. Wivu huo.

Ijumaa, 10 Julai
Jenereta imepanda juu ya nguzo! Upepo ukashuka kutoka mlimani, panga zake za bati zikazunguka, watu wakapiga makofi. Balbu niliyoitundika kwenye boksi la vifaranga ikawaka. Yaani, uzi wake wa ndani ulikuwa mwekundu kidogo, kama jicho la mlevi. Itapata nguvu usiku. Tulinagwe kaenda kulala msibani Ibighi, kaniagiza nichochee jiko. La nini tena? Nimelizima.

Jumamosi, 11 Julai
Vifaranga vimekufa. Vyote. Vimelaliana chini ya balbu. Nje panga bado zinazunguka.
Tulinagwe karudi, kasimama mlangoni na kanga ya msiba kiunoni. Hakupiga kelele.
“Baba Anyitike,” kasema, “nilikuomba uchochee jiko tu.”
Kavifukia mwenyewe mgombani. Nilitaka kumsaidia, akaninyang'anya jembe. Jioni kamchukua mtoto wetu Anyitike, kaenda kwa dada yake Msasani ya huku kwetu.

Jumatatu, 13 Julai
Nyumba kimya. Nimekula ndizi baridi. Lwitiko kaja, wala hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kasema tuzibandue sumaku, tuzipange upya pamoja. Nimemshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani. Sumaku hazina kosa. Nimeshagundua: ukungu unaufanya upepo wa huku kuwa mzito, unataka panga kubwa zaidi. Leo nimeng'oa mabati ya paa la jikoni kwa kazi hiyo. Tulinagwe akirudi atakuta mwanga.
Mvua imeanza. Nimesogeza kitanda; inanyesha hadi huku chumbani.