Kelele za Mwizi Techirghiol

Pale Techirghiol, mji wa ziwa la tope huko Romania, mtu mkavu haaminiki. Wote hujipaka tope jeusi la ziwa, halafu husimama juani mikono wameitanua, wakingoja likauke na maumivu ya viungo yaondoke nalo. Veniamin alipoona magoti yote yale mabovu na mikoba yote ile minono, roho ikamtulia kwatu.

Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kweli, hilo tumpe. Vidole vilimvimba, na hospitali ilimpa sindano zenye umbo la kalamu, za kuwekwa kwenye baridi. Zikiisha hakuzitupa: alizijaza maji ya ziwa akaziuza. Siku hiyo kisanduku chake cha barafu kilikuwa na za uongo tele na moja halisi, ya kujichoma jioni. Akiikosa, kesho hafungi hata kifungo cha shati.

Akamwendea Bi Sidonia, mjane mwenye bahasha nono ya pesa, aliyepakwa tope mpaka kope.

“Mwilini kuna wajumbe, mama, wanaitwa saitokini,” akamwambia. “Kazi yao kupiga kelele za mwizi. Kwetu sisi wagonjwa wanapiga hata mwizi asipokuwepo, basi askari wa mwili wanakuja mbio na kumpiga mwenye nyumba. Dawa hii inamziba mjumbe mdomo.”

“Nachukua zote,” akasema Bi Sidonia. “Ila mbona wewe mkavu, mwanangu? Muuza dawa asiyejipaka tope simwelewi.”

Kwa bahasha ile, Veniamin angekubali kupakwa hata lami. Akavua, bibi akampaka kwa upole wa mama mzazi, usoni zaidi, akamwagiza afumbe macho na atanue mikono. Kisanduku na suruali akasema atavisogeza kivulini.

Tope lilipokauka akafumbua macho. Kisanduku hakuna, suruali hakuna, na ufuko mzima umejaa akina Bi Sidonia weusi tii, wametanua mikono kimya.

“Mwizi!” akapiga kelele.

Walinzi wakaja mbio. Kati ya wote waliopakwa tope, mmoja tu alikuwa akirukaruka na kubwata, basi wakamvamia huyohuyo, wakamkunja vidole vilevile vinavyouma. Hapo Veniamin akacheka hadi machozi yakachora mistari kwenye tope, maana somo lake alilielewa sasa kuliko alivyowahi kulifundisha.

“Haya, mwizi wako ni yupi?” mlinzi akamuuliza.

Akainua mkono amwonyeshe. Kidole kikakataa kunyooka.