Mzinga wa Bafuni

Jumatatu, 7 Aprili 1986

Vesna anarudi Jumapili kwa basi la kutoka Adelaide, alikotiwa nyonga mpya hospitalini. Kwenye simu alisema polepole, kama anayemsomea mtoto: akikuta bafu, anabaki. Asipolikuta, anageuka na basi lilelile kwenda kwa dada yake Milka, na safari hii harudi. Miaka ishirini na miwili mke wangu anaoga jikoni kwenye beseni la bati. Ana haki.

Kazi yenyewe ndogo. Nyumba zetu zimo ndani ya kilima. Ukitaka chumba unachimba tu, na ukibahatika unakuta opali ukutani, kile kito tunachokichimba wote hapa. Tundu la hewa nimeshalitoboa mpaka juu. Fito za baruti ninazo kumi na moja. Siku mbili, kwisha!

Jioni klabuni. Kila mtu na ile nyota yenye mkia inayopita angani mwezi huu. Nikasema mkia ule unaweza kuficha jeshi zima la wageni kutoka sayari nyingine. Wakija kwa shari, nikasema, makombora yetu yatawapukutisha. Thanasis akacheka mpaka bia ikamtoka puani. Jirani yangu huyu alimenya viazi miaka minane kwenye uwanja wa kujaribia makombora kule kusini, basi anajiona jemadari. Ati kila kilichorushwa pale alikiona kikirudi. Ati wageni wakishakaa juu, sisi tumekwisha. Klabu nzima hoi kwa kicheko. Nikaapa: nitarusha kitu kisirudi. Kisiporudi, Thanasis atapanda juu ya meza anipigie saluti. Kakubali, mjinga.

Jumanne, 8 Aprili

Sikuchimba. Nililala chali kilimani, nikitazama juu. Niliwaona kabisa. Meli zao kimya, zinaelea polepole, zinatuchungulia. Na mimi chini, peke yangu, kofia mkononi. Wakaniogopa, wakageuza. Vesna alikuwa kando, nywele zimelowa, anatabasamu. Nikazinduka pua imeungua na jua.

Lakini na wazo! Lile tundu la hewa. Limenyooka, linatazama mbinguni. Si tundu lile. Ni mzinga!

Jumatano, 9 Aprili

Fito nne. Risasi: pasi nzito ya Vesna. Utambi, mbio, mlipuko. Uzuri ulioje! Ikapaa iking'aa, ikawa punje, ikawa si kitu. Nililia, sioni haya kusema. Nikaanza kufanya mazoezi ya kupokea saluti.

Kisha kishindo upande wa Thanasis, penye tangi na lori lake.

Akaja suruali chapachapa, pasi mkononi. Imetoboa tangi lake, na hapa maji yanaletwa kwa lori. Akasema wageni wanashukuru, wamemaliza kunyoosha mashati. Halafu akanikalisha kitako, kiazi mkononi, kunifundisha. Kukaa juu si kupanda, bwana wee, ni kukimbia. Vinavyozunguka kule vinakimbia kwa ubavu, mbio kiasi kwamba kila vikianguka vinaikosa dunia. Roketi yetu ikipanda tu, inashuka tu. Na wao wakitaka kutumaliza, bunduki ya nini? Waangushe pasi tu.

Nilimchukia zaidi kwa sababu nilielewa.

Ijumaa, 11 Aprili

Jana kutwa naziba tangi la watu. Leo, nuru! Kukimbia kwa ubavu! Kosa langu lilikuwa kuelekeza mzinga juu. Nitafyatua kwa ubavu, tena ndani kwa ndani, Thanasis asinuse. Ukuta wa bafu uko palepale unangoja. Mlipuko mmoja: Vesna bafu, mimi saluti. Kati yangu na Thanasis kuna mita sita za mwamba. Nilizipima mwenyewe, kwa hatua.

Jumamosi, 12 Aprili

Fito saba zote, na pasi ileile mbele. Vumbi. Likatua taratibu. Nikaona vigae vya buluu, vizuri kweli. Nikamwona Thanasis ndani ya maji, povu kichwani, pasi imetua kwenye sabuni yake. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama nimefika salama kutoka angani.

Nikajikuta nampigia saluti.

Mita sita ziko wapi? Kumbe naye alikuwa akipanua bafu upande wangu, kimyakimya, bila kumwambia mtu! Nikamwita mwizi wa mwamba. Akaniita mlipua wazee uchi. Hakuna aliyetaja polisi.

Nimefagia hadi jioni. Baruti hakuna. Bafu hakuna, tundu tu. Naogopa. Kweli naogopa.

Jumapili, 13 Aprili

Vesna alimwambia dereva asubiri. Akaingia na mkongojo wake. Akatazama beseni. Akatazama tundu. Akatazama vigae vya buluu ng'ambo ya tundu, muda mrefu.

Akamwita Thanasis, akamuuliza kama maji yake ni ya moto. Moto kabisa, shemeji, akajibu yule mnafiki. Vesna akaniagiza nikashushe sanduku, basi liende zake. Akachukua taulo, akapita tunduni. Saa mbili nzima anaimba mle.

Alipotoka akatoa amri. Tundu litiwe mlango, ufunguo ukae kwake. Thanasis atapikiwa burek, ule mkate wetu wa nyama, kila Jumapili. Mimi, baruti marufuku. Nikaapa. Niliapa kwa dhati.

Giza lilipoanza mimi na Vesna tukakaa kilimani. Nyota yenye mkia ikajitokeza, hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Nywele zake zilinukia sabuni ya Thanasis. Akauliza wale wageni wakija kweli tutafanyaje. Nikasema nitamlinda. Akacheka, akanilalia begani. Sijawahi kuwa na raha kiasi hiki maishani. Sitaki kitu kingine.

Ila beseni la bati sasa halina kazi. Nimelipindua: mviringo, jepesi, linalia vizuri. Likizungushwa kwa kasi, likarushwa kwa ubavu, baruti ya nini? Inatosha injini ya lori.

Lori la Thanasis.