Saa ya Kijapani Inayonichongea Nyumbani

Ndugu Meneja wa Duka la Saa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, familia ni nzima, na saa mliyoniuzia, kwa maneno ya fundi wenu, nayo ni nzima. Hapo ndipo lilipo lalamiko langu.

Ni ile ya Kijapani, iliyokwisha kuvaliwa na mtu, namba sabini na tatu kati ya mia mbili tu zilizotengenezwa. Mliniambia haina betri: ndani mna kipande cha chuma kinachozunguka pale mkono unapotikisika, na hivyo ndivyo inavyojijaza. Mliniambia pia kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa kiongozi wa kwaya. Hamkuniambia kwamba alikwisha kuidekeza.

1. Niliivaa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili nilipumzika. Jumatatu, nikiwa mezani kwangu masjala, ninakotunza mafaili kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, ikasimama. Fundi wenu aliitikisa mara mbili tu, ikatembea. Akautazama mkono wangu, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu akasema, “Basi saa ni nzima, mzee.” Sikuyapenda macho yake.

2. Mama watoto ni fundi cherehani. Aliomba aijaribu siku moja. Ilitembea kutwa, na alipoivua ikaendelea kutembea juu ya kabati siku mbili zaidi bila kuvaliwa na mtu. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ndugu Meneja, nielewe. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikifika nyumbani, navua viatu, nasema nimechoka, na nyumba nzima inanyamaza. Kuchoka huko ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo pale. Siku hizi nikisema nimechoka, kitinda mimba wangu anakuja kwanza kutazama saa. Inaniuma sana. Jana nimeosha vyombo.

3. Habari zimefika kazini. Mkuu wa idara hanisalimii tena bila kunipandisha mkono wa shati. Wenzangu nao waliipitisha ofisi nzima kwa majaribio: ilitembea kwa tarishi, ikatembea kwa mhasibu, ikatembea hata kwa mlinzi wa getini anayesinzia mchana kutwa, kwa sababu eti huwa anafukuza nzi.

4. Si kwamba sijajitahidi. Nakoroga chai mpaka inapoa. Nawapungia mkono hata watu nisiowajua, na jirani ameshaniuliza nagombea kiti gani. Najua pia kwamba inaweza kujazwa kwa kukizungusha kile kifundo cha pembeni, lakini hiyo nayo ni kazi.

Kwa hiyo naomba muiandikie familia yangu barua yenye mhuri, mkiri kwamba saa ni mbovu. La sivyo, irudisheni kiwandani Japani wakaifundishe kwamba kufikiri pia ni kazi. Mimi natumia kichwa, na kichwani saa haivaliki. Hilo nalo likishindikana, nitafutieni yule kiongozi wa kwaya awe ananisubiri kona ya mtaa wetu kila jioni, aivae na kupunga mikono dakika kumi kabla sijaingia ndani.

Msalimie fundi wenu, ingawa si kwa moyo wote. Mama watoto anawasalimu, watoto wanawasalimu, na mama mkwe anawashukuru.

Ni mimi mteja wenu mvumilivu,
Karani wa Masjala

Tanbihi: Mpiga chapa wetu alishindwa kuichapa barua hii kwa kucheka, hivyo nimeiandika kwa mkono mara nne, kila mara hasira ikiongezeka, saa ikiwa kwenye mkono huohuo. Sasa inatembea kama mpya. Mama watoto ameiona, ameniletea chai, na nimemsikia akiwaambia watoto, “Mwacheni baba yenu, kachoka.” Tafadhali msichukue hatua yoyote. Ila kama mnamfahamu mtu mwingine anayestahili kulalamikiwa, nitumieni anwani yake kabla ya Jumatatu.